Yule Anayebaki Majini Wenzake Wakishagusa Ukuta

Kuna sehemu kwenye ile muvi ya Pride ya mwaka 2007 ambayo nimeirudia mara nyingi kuliko hata fainali yenyewe, na wala hakuna mtu anayeshindana pale. Ni bwawa tu. Limetelekezwa, chafu, alafu jamaa mmoja anajifunga kibwebwe, analisafisha, analijaza maji. Basi. Hakuna mpinzani, hakuna saa inayokimbia, hakuna mzazi anayelia jukwaani, ila mimi kila nikifika hapo koo linanikaba.

Nimejiuliza muda mrefu kwanini, maana stori za michezo huwa zinanipata mwishoni kama zinavyowapata watu wengine wote, dakika za lala salama, timu iliyodharauliwa inaibuka, mnashangilia na machozi juu. Kwanini hii inanipata kwenye usafi? Nadhani jibu ninalo sasa, ila nitazunguka kidogo kabla sijalifikia, mnivumilie.

Kwa ambaye hajaiona, ni stori ya madogo weusi wa Philadelphia miaka ya 70, watoto wa mtaani wanaocheza kikapu, ambao wanajikuta wameingia kwenye kuogelea, mchezo ambao hakuna aliyewahi kuwafikiria nao. Terrence Howard anaigiza kocha, marehemu Bernie Mac anaigiza mtunza jengo ambaye mwanzoni hataki hata kumwona, na mwongozaji ni Sunu Gonera, mzaliwa wa Zimbabwe, jambo ambalo binafsi lilinifurahisha nilipolijua. Timu inachekwa, inadhalilishwa kwenye mashindano, inajipanga upya, inarudi. Njia unaijua hata kama hujaiangalia.

Ila kocha ni mtu wa kweli. Jim Ellis alikuwa mwalimu wa hisabati, na mwenyewe alikuwa ameogelea toka shule, na mwaka 1971 akaanzisha timu akaiita PDR, ambazo zilikuwa ni herufi tu za Philadelphia Department of Recreation, idara ya burudani ya jiji. Baadaye zikapewa maana nyingine, Pride, Determination, Resilience, yaani fahari, dhamira na uthabiti. Muvi inaweka mambo mwaka 1974 na inabana miaka mingi kwenye msimu mmoja, na kuna watu wanalalamika kwamba imepamba sana. Mi sina ugomvi na hilo. Ninachoona imepunja ni kitu kingine, kwamba Ellis hakufanya hii kazi kwa msimu mmoja wa kusisimua, aliifanya kwa miongo, asubuhi na jioni, watoto wanaingia wadogo wanatoka watu wazima, na wengine wakafika mpaka kwenye mchujo wa kitaifa wa Olimpiki. Miongo haipigiki picha vizuri. Huwezi kuweka muziki juu ya miaka thelathini ya kuamka mapema.

Sasa tuje kwenye mlango. Maana ukitaka kuelewa kwanini bwawa linalojaa maji ni jambo la kutoa machozi lazima ujue nani alikuwa anaruhusiwa kuingia.

Miaka ya 1920 na 30 miji ya Marekani ilijenga mabwawa ya umma kwa wingi, makubwa kweli, yenye fukwe za mchanga wa kuletwa na watu maelfu wakati wa joto. Ila pale wanaume na wanawake walipoanza kuogelea pamoja, watu weupe hawakutaka mtu mweusi awe kwenye maji yaleyale, hofu ikawa ni hiyo, miili, kugusana, basi weusi wakafukuzwa, kwingine kwa sheria na kwingine kwa kipigo. Juni 1964 kule St. Augustine, Florida, vijana weusi na weupe waliruka pamoja kwenye bwawa la moteli moja kama maandamano, na mwenye moteli akamwaga tindikali kwenye maji wakiwa humohumo ndani. Picha yake ipo, ukiiona hutaisahau.

Na sheria ilipowalazimisha wafungue kwa wote, kuna miji ikaamua bora wote tukose. Jackson, Mississippi walifunga mabwawa yao kuliko kuyachanganya, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mahakama ikasema kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba mji unaruhusiwa, maana umewafungia wote sawasawa. Hukumu hiyo ni ya mwaka 1971. Mwaka huohuo Ellis anaanzisha timu. Mi huwa naweka hayo mambo mawili kichwani pamoja, majaji watano upande mmoja wanaandika kwamba sio lazima mtu awe na bwawa, na upande mwingine mwalimu wa hesabu anahesabu watoto waliokuja mazoezini.

Wenye uwezo walihamia kwenye klabu za binafsi na mabwawa ya nyuma ya nyumba. Waliobaki, mzazi ambaye hakufundishwa hakuwa na cha kumfundisha mtoto wake, alichoweza kumpa ni onyo tu, usisogelee maji. Na onyo likarithiwa. Takwimu za CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, zinasema watoto weusi wa miaka 10 mpaka 14 wanazama kwenye mabwawa ya kuogelea kwa kiwango cha mara 7.6 ya watoto weupe. Soma tena hiyo namba taratibu. Yaani ule mlango uliofungwa kabla bibi zao hawajaolewa bado unaua watoto leo.

Alafu baada ya kumfungia mtu mlango miaka yote hiyo unakuja kusema hawezi kwa asili. Aprili 1987 Al Campanis, meneja mkuu wa timu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers, alikaa kwenye televisheni ya taifa akasema watu weusi sio waogeleaji wazuri kwasababu hawana uwezo wa kuelea. Kazi ilimtoka ndani ya siku chache. Ila majibu yenyewe yalikuja mwaka uliofuata, Septemba 1988, kwenye Olimpiki ya Seoul, mita 100 mtindo wa kipepeo. Matt Biondi wa Marekani yuko mbele, amebakiza kugusa tu, mkono wake unachelewa kidogo anateleza badala ya kupiga kasia moja zaidi, na pembeni yake anaibuka kijana wa Suriname, Anthony Nesty. 53.00 kwa 53.01. Sekunde moja ukiigawa vipande mia, kipande kimoja. Mtu mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki ya mtu mmojammoja kwenye kuogelea kwa wanaume, katoka nchi ambayo ilikuwa na bwawa moja tu la mita 50. Hakuandika makala, hakubishana na mtu, aligusa ukuta.

Kuhusu hiyo habari ya kuelea nataka niseme kitu maana inanihusu moja kwa moja. Nilikuwa na umri kama wa miaka tisa nilipoteleza upande wa kina kirefu. Nakumbuka kila kitu kimya, nakumbuka mwanga juu, nakumbuka mkono wa mtu mzima ukinishika kwapani. Hakuna aliyenigombeza, ila toka siku hiyo nilikuwa mtu wa kushika mikoba ya wenzangu. Kila safari ya maji mimi nakaa na viatu vya watu. Nimekaa hivyo miaka kumi na nne.

Aliyenifundisha nikiwa mtu mzima alikuwa mama mmoja mnyamavu sana, na siku ya kwanza hakunifundisha kuogelea kabisa. Alinisimamisha kwenye maji ya kifuani, akasema, "Mwanangu, weka uso, toa pumzi yote, uibuke." Basi. Nilidhani ananidharau. Kumbe ndio somo lenyewe, kwasababu kinachokufanya uhisi unakufa majini hata kabla hujakosa hewa ni ile kaboni dayoksaidi inayojaa ndani ukiwa umebana pumzi. Mwili unapiga kelele toa, na wewe kwa woga unazidi kubana, unakakamaa, miguu inazama, unatapatapa. Ukijifunza kutoa mapovu taratibu kelele inapungua. Na ukivuta hewa ukalala chali ukaacha shingo ilegee, mapafu yaliyojaa yanakubeba, watu wengi sana wanaelea hivyo, weusi, weupe, wanene, wembamba, tofauti zipo ila ni za mtu na mtu. Kwangu ilichukua wiki tatu kulegeza shingo. Siku ilipolegea nilibaki naangalia juu masikio yakiwa ndani ya maji, kimya kilekile cha utotoni, ila safari hii kilikuwa kimenibeba. Nililia, na uzuri wa bwawa ni kwamba hakuna anayejua.

Ndo maana nikaanza kusaidia kufundisha madogo. Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, watoto kumi na wawili, na nataka mjue kwamba sio timu ya kutisha. Nusu yao mwanzoni hawakuweza kuvuka upana wa bwawa. Wana miwani ya kuogelea inayovujisha, wanabadilishana vibao vya kushikia kwasababu havitoshi, na mabinti wanne walitaka kuacha mwezi wa kwanza kwasababu ya nywele. Wanaume wengi wanaoendesha huu mchezo hili hawalioni, kofia ya kawaida haijatengenezwa kwa kichwa chenye rasta au nywele nyingi za kipilipili, inabana, inaruka, klorini inakausha, alafu mtoto anaambiwa atii utaratibu. Kabla ya Olimpiki ya Tokyo, 2021, kofia za Soul Cap zilizotengenezwa kwa nywele kama hizo zilikataliwa na FINA, shirikisho la kuogelea la dunia kwa jina lake la wakati huo, zikaja kukubaliwa Septemba 2022. Mwaka mzima na zaidi kuamua kama kichwa cha mtoto wangu kinaruhusiwa. Ni mlango uleule jamani, umepakwa rangi mpya tu. Mabinti wangu wote wanne wapo mpaka leo, tunasukana upya kila Ijumaa jioni.

Watu huwa wanasema kuogelea hakuna siri kwasababu saa haidanganyi. Ni kweli na sio kweli. Saa haijui umetoka wapi, hiyo ni kweli, na ndio haki pekee ambayo watoto wasio na kitu wanaipata kamili. Ila hata leni zinagawiwa kwa nguvu. Kwenye fainali wenye muda mzuri kutoka mchujo wanawekwa katikati, leni ya 4 na ya 5, wanamuona kila mtu, na waliopenya kwa shida wanasukumwa pembeni, ya 1 na ya 8. Tokyo 2021 kwenye mita 400 mtindo huru, kijana wa miaka 18 wa Tunisia, Ahmed Hafnaoui, aliingia fainali akiwa wa mwisho kati ya wanane. Leni ya 8. Kamera zote katikati. Akashinda, 3:43.36. Madogo wangu nimewaonyesha hiyo video mpaka wamekariri sauti ya mtangazaji, na dogo mmoja akapangiwa leni ya pembeni hachukii tena, anasema amepewa leni ya Mtunisia.

Kitu kingine ambacho nakipenda sana kwenye huu mchezo, na hiki wengi hawakijui. Mwaka 1972 Munich, mita 400 mchanganyiko wa mitindo minne, Gunnar Larsson wa Sweden na Tim McKee wa Marekani waligusa pamoja, 4:31.98 wote wawili. Wakaenda kwenye elfu ya sekunde, Larsson akapewa dhahabu kwa elfu mbili. Ni kama milimita tatu za maji. Baadaye wakubwa wa mchezo wakakaa wakatafakari, hakuna fundi anayeweza kujenga bwawa la mita 50 ambalo kila leni ina urefu sawa mpaka milimita, kwahiyo huenda uliyemshinda aliogelea mbali kuliko wewe. Wakaacha. Wakisema mmelingana kwenye mia ya sekunde, mmelingana. Na ndo maana Rio 2016 kwenye mita 100 mtindo huru wanawake, Simone Manuel wa Marekani na Penny Oleksiak wa Kanada, 52.70 na 52.70, wote wakapanda juu, wote dhahabu. Manuel akawa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kushinda dhahabu ya mtu mmojammoja kwenye kuogelea. Mchezo uliokubali kwamba kipimo chake kina mwisho, mi nauheshimu.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Hizi drama za timu dhaifu zinajengwa zote kuelekea mkono mmoja unaogusa ukuta kwanza. Naelewa, bila hiyo watu hawalipi kuingia. Ila ukishakaa pembeni ya bwawa na watoto unajifunza kuangalia kwingine. Unaangalia anayebaki. Wenzake saba wameshagusa, wameshatoa miwani, wanapumua wanaangalia saa, na kuna mtoto mmoja bado yuko katikati ya bwawa peke yake, ana mita ishirini, kila mtu anamuona, na yeye anajua kila mtu anamuona, na maji hayana mahali pa kujificha. Kwenye mpira mchezaji mbovu anafichwa na wenzake kumi. Hapa hapana. Ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga, yote, mpaka ukutani. Mtoto anayemaliza hizo mita ishirini leo, na Jumamosi ijayo ukamkuta mlangoni kabla hujafika na funguo, huyo mimi ndiye namuangalia. Na hawezi kuwepo kama hakuna mtu alijaza maji kwanza. Ndo maana ile sehemu inaniliza.

Mwezi uliopita tulishiriki rilei yetu ya kwanza, nne mara hamsini. Wanne wetu ukijumlisha umri wao hufikishi hamsini. Rilei ina kanuni moja ya ajabu, anayesubiri juu ya jukwaa la kurukia anaruhusiwa kuinama, kurusha mikono, kuanza kuanguka mbele, ila vidole vya miguu visiachie mpaka mwenzake aguse. Ukiipatia unaokoa karibu nusu sekunde kwa kila kupokezana, maana husubiri mlio, unamsoma mwenzako. Ukiikosea timu nzima inafutwa. Wawili wa kwanza walikwenda vizuri, tuko wa nne kati ya timu nane, sijawahi kuwa wa nne kwenye kitu chochote na hawa watoto, na wa tatu wetu ni yule dogo wa leni ya Mtunisia, sio mwepesi, anaingia amechoka, na juu yake amesimama binti yetu mwenye kasi kuliko wote, anaona timu mbili zinampita mwenzake kwenye mita tano za mwisho. Akaruka. Niliona kabla mwamuzi hajainua mkono. Vidole viliachia dogo akiwa bado ana urefu wa mkono kufika.

Binti aliogelea hamsini yake yote kwa kasi ambayo sijawahi kumuona nayo, akafika wa tatu, akageuka na furaha usoni, akatuona.

Hakuna aliyesema neno. Dogo ndiye aliyekuwa analia, sio binti, alikuwa anasema, "Kocha samahani nilichelewa, nilichelewa," na mimi sikuwa na jibu zuri, nilimfunika taulo tu. Binti alikaa upande wa pili wa benchi, kofia mkononi, haangalii mtu.

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema na wawili hao walikuwa wameshafika, kila mmoja upande wake wa mlango. Nikafungua. Sikuwapangia chochote. Mazoezi yalipoisha wenzao wakaenda kubadilisha nguo, binti akapanda kwenye jukwaa akamwambia dogo, "Nenda mpaka kwenye bendera alafu uje, njoo kawaida yako tu, usiharakishe." Dogo akaenda, akarudi na ule mpigo wake mzito, binti ameinama juu, vidole vimekunja ukingo wa jukwaa, macho hayatoki kwenye mkono wa mwenzake. Akagusa. Binti akaruka. Akatoka, akapanda tena. "Tena." Dogo akaenda. Nilianza kuwahesabia kwa sauti ili wapate moyo, ila kwenye ishirini na kitu nikaona hawanisikii, nikanyamaza, nikaenda kuzima taa za upande ule mwingine nikawaachia za leni yao.